"Maziwa hayajatoka": kauli inayoamua siku tatu za mwanzo

Kuna kauli moja ambayo karibu kila mzazi wa Unguja na Pemba amewahi kuambiwa akiwa bado amelala kitandani, nayo ni hii: "Maziwa hayajatoka." Huisema bibi, huisema mama mkwe, huisema wifi aliyekuja kuleta chupa ya chai, na mara nyingine huisema mzazi mwenyewe kwa sauti ya mtu anayekiri kosa. Kauli hiyo ikishatamkwa hufuata kikombe na kijiko, na ndani ya kikombe huwa na maji ya glukosi, au maji ya sukari, au maziwa ya kopo yaliyokorogwa haraka. Katika makala haya nitaishughulikia kauli hiyo peke yake, kwa sababu naamini kwamba ndipo mahali ambapo juhudi zetu zote za kuhimiza unyonyeshaji hujikwaa, na hujikwaa kwa kuwa nasaha zetu hupelekwa kwa mzazi ilhali uamuzi uko kwa mwingine.

Mtoto wa dada yangu alijifungua alfajiri katika hospitali moja kisiwani Pemba, akapata mtoto wa kike mwenye afya, na mimi nilikuwa mmoja wa wanawake watatu tuliokaa naye. Mwingine alikuwa mama yangu, ambaye ndiye bibi wa mzazi, aliyekuja kutoka shamba na mkoba wake wa ukili. Ndani ya mkoba ule mlikuwa na kanga nne, chupa ya chai, pakti ya glukosi, kikombe cha plastiki chenye mfuniko, na kijiko kidogo kilichofungwa katika leso safi ili kisiguse kitu. Vitu vile alikuwa amevitayarisha tangu mimba ina miezi minane, kwa uangalifu uleule ambao wakunga huandalia vifaa vyao. Nesi alipita baadaye, akamtazama mzazi, akasema, "Asipewe kitu chochote, anyonye tu," kisha akaenda kitanda cha pili, kwani vitanda vilikuwa vingi na yeye alikuwa peke yake. Mama alimjibu kwa adabu zote, "Haya, mwanangu." Nesi alipokwisha kutoka mlangoni, mama akaifungua leso.

Nilimwomba asubiri kidogo. Mzazi alijikamua, na kwenye ncha ya chuchu likachomoza tone moja zito la rangi ya manjano. Mama akalitazama, akalifuta kwa upindo wa kanga. "Haya machafu," akasema. "Maziwa hayajatoka." Nikatambua wakati ule kwamba ubishi wetu ulikuwa wa msamiati kabla haujawa wa afya. Kwa mama yangu, maziwa ni kitu cheupe, chepesi, kinachotiririka. Kilichotoka pale hakikuwa na sifa hata moja kati ya hizo, na kwa hiyo hakikuhesabiwa.

Lugha yetu, hata hivyo, ina jina lake. Maziwa yale ya mwanzo huitwa dang'a, na neno hilo hutumika kwa mwanamke na kwa ng'ombe. Mama amefuga ng'ombe maisha yake yote, basi nikamuuliza kama ndama huzuiliwa dang'a. Akanijibu kwamba ndama asiyepata dang'a hafiki mbali, hilo kila mfugaji analijua. Tukakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Lakini mtu si ng'ombe."

Ni jibu zuri kuliko alivyodhani mwenyewe, na linastahili kujibiwa kwa uzito. Ndama huzaliwa akiwa hana kinga kabisa, kwa sababu kondo la ng'ombe halipitishi kinga kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, na ndiyo maana akikosa dang'a katika siku ya kwanza hudhoofika na kufa. Mtoto wa binadamu hupokea sehemu ya kinga yake akiwa bado tumboni, kwa hiyo akinyimwa dang'a hafi hapo hapo, na familia haioni adhabu yoyote ya kosa lake. Kinachokosekana ni kinga ya aina nyingine, ile inayotanda kwenye utando wa utumbo na koo na kuzuia vijidudu visipenye, ambayo dang'a imeijaza tele pamoja na vitamini A. Dang'a pia hulainisha na kusukuma kile choo cheusi chenye kunata ambacho mtoto huzaliwa nacho, na choo hicho kikikawia kutoka, umanjano wa ngozi na macho huongezeka. Mfugaji humwona ndama wake akifa juma hilohilo; bibi humwona mjukuu akiharisha baada ya wiki tatu, na wakati huo hakuna anayekumbuka kijiko cha siku ya kwanza.

Turudi kwenye kipimo, kwa sababu hofu ya bibi ni hofu ya uchache. Anatazama tone moja na kumtazama mtoto mzima, na hesabu yake inamwambia kwamba haiwezekani. Lakini tumbo la mtoto mchanga katika siku ya kwanza hupokea kiasi kidogo sana kwa mlo mmoja, vijiko vichache vya chai tu, na dang'a yote ambayo mzazi wa kawaida huitoa katika saa 24 za mwanzo ni takriban kikombe kimoja cha kahawa, hivi vidogo vya barazani visivyo na mkono. Ni kidogo kwa macho yetu, na ni kadiri ya tumbo la anayekunywa. Mtoto hupungua uzito katika siku hizo, mara nyingi kufikia asilimia saba na pengine kukaribia 10, kisha huurudisha ndani ya wiki mbili hivi; kupungua huko ni sehemu ya maumbile, wala si dalili kwamba ziwa limekauka.

Maziwa meupe huja baadaye kwa sababu inayoeleweka. Mwili wa mwanamke huanza kutengeneza dang'a tangu mimba ingali tumboni, lakini homoni ya projesteroni, ambayo hutolewa kwa wingi na kondo la nyuma, huuzuia usiitengeneze kwa wingi. Kondo likishatoka, homoni hiyo hushuka kwa ghafla, na kati ya siku ya pili na ya nne maziwa hujaa. Baada ya hapo kazi huendeshwa na mdomo wa mtoto: kila anaponyonya, ubongo wa mama hutoa prolaktini inayoliamrisha ziwa litengeneze, na oksitosini inayolifanya litoe. Ziwa linalotolewa maziwa hutengeneza mengine. Ziwa linaloachwa limejaa hupunguza kazi. Ndiyo maana watoto wachanga hunyonya mara nane hadi 12 kwa usiku na mchana, na ndiyo maana unyonyeshaji wa usiku una faida ya pekee, kwani prolaktini hupanda zaidi usiku.

Sasa kiweke kijiko cha glukosi ndani ya utaratibu huo, ukione kinavyofanya kazi. Mtoto aliyeshibishwa maji matamu hulala, na akilala hanyonyi. Asiponyonya, ziwa halipati amri. Lisipopata amri, maziwa huchelewa kujaa. Yakichelewa, bibi huthibitisha kwamba alisema kweli, na huongeza kijiko cha pili. Kauli yake ilikuwa na makosa asubuhi, lakini kufikia siku ya tatu imekuwa kweli, na yeye ndiye aliyeifanya kuwa kweli. Sijui hoja nyingine katika malezi inayojithibitisha kwa ustadi kama hii. Mzazi wa mtoto huyo ataishi miaka akiamini kwamba yeye ni miongoni mwa wanawake "wasio na maziwa", na kwa mimba ya pili pakti ya glukosi itanunuliwa mapema zaidi.

Hoja ya pili ya bibi ni joto. Anayeishi kwetu wakati wa kaskazi hawezi kuidharau: mtu mzima anatoka jasho akiwa amekaa, basi kichanga itakuwaje? Lakini maziwa ya mama ni maji kwa zaidi ya asilimia 80, na mtoto anayenyonya kila anapotaka hupata maji yake yote humo, hata katika mwezi wa joto kali kuliko yote. Kwa upande mwingine, maji ya kikombe hutoka mferejini au kisimani, na mlipuko wa kipindupindu uliotukumba mwaka 2015 na 2016 ulitosha kutukumbusha kwamba maji yetu hayaaminiki katika kila mtaa na kila msimu. Kijiko kilichofungwa katika leso safi huwa kimeoshwa kwa maji hayohayo.

Nimesema uamuzi uko kwa mwingine, na ningependa nisieleweke vibaya, kwa sababu wataalamu wengi wakifika hapa huanza kulaumu mila. Mimi nadhani arubaini yetu ni taasisi bora ya unyonyeshaji kuliko taasisi nyingi zilizoandikwa kwa sheria. Mzazi hapiki, hafui, hateki maji. Hukandwa kwa maji ya moto. Huletewa uji wa pilipili manga na supu ya pweza. Hulala na mtoto wake ubavuni, na mtu mwenye uzoefu yupo chumbani usiku na mchana. Daktari yeyote akiombwa aandike masharti ya kufanikisha unyonyeshaji ataandika karibu hayohayo: mapumziko, lishe, ukaribu wa mama na mtoto, na msaada wa mtu anayejua. Sina ushahidi kwamba pweza peke yake huongeza maziwa, lakini mwanamke anayepewa bakuli la supu ya moto mara tatu kwa siku anapata protini, anapata maji, na anaonwa kwamba ni mtu. Tatizo ni kwamba mkono unaoleta supu ndio unaoleta kijiko, na wahimizaji wetu wameshindwa kuutenga mmoja na mwingine, wakaupinga mkono wenyewe.

Vivyo hivyo kuhusu tahniki. Nimesikia watumishi wa afya wakiikataza moja kwa moja, na nimeona familia zikiifanya kwa kificho baada ya hapo, jambo ambalo ni baya zaidi, kwa sababu kinachofanywa kwa kificho hakiulizwi kimefanywaje. Tahniki kwa asili yake ni tende iliyolainishwa ikapakwa kidogo sana kwenye kaakaa la mtoto. Ni dakika moja. Haikusudiwi kumshibisha, na ikiwa mikono ni safi na mwenye kuifanya hana maradhi, sioni kwamba ndiyo inayovuruga unyonyeshaji. Kinachovuruga ni vile vinavyojipenyeza chini ya kivuli chake: kijiko cha maji ya zamzamu kinachogeuka vijiko vitano, na hasa asali, ambayo watu huiona bora kuliko tende. Asali haifai kabisa kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, kwa kuwa inaweza kubeba mbegu za bakteria ziitwazo Clostridium botulinum, ambazo utumbo wa mtu mzima huzishinda lakini utumbo wa kichanga huziachia zimee na kutoa sumu inayolegeza misuli mpaka ya kupumulia. Hilo likielezwa kwa bibi kwa utaratibu, bila kumgusa katika dini yake, hulielewa. Likielezwa ndani ya katazo la jumla, hulitupa pamoja na katazo zima.

Na tukiwa katika dini, niseme jambo moja ambalo husikika kwa nadra. Aya ya 233 ya Suratul Baqara hutajwa sana kwetu kila unyonyeshaji unapozungumzwa, kwa sababu inataja miaka miwili kamili kwa anayetaka kuitimiza. Lakini aya hiyohiyo, mara tu baada ya kutaja miaka miwili, humwekea baba jukumu la chakula na mavazi ya mama anayenyonyesha, kwa wema. Nusu ya kwanza tumeifanya kuwa wajibu wa mwanamke na kuirudia katika kila mawaidha. Nusu ya pili tunaisoma haraka. Na ikiwa ni fedha, baba wa kwetu huwa nazo anapotumwa dukani Darajani au Chake Chake kununua kopo, ilhali hakuombwa kununua samaki.

Kopo lenyewe lina historia yake, nami nitaipitia kwa ufupi. Mwezi Mei mwaka 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za kimataifa za kudhibiti uuzaji wa vyakula vinavyochukua nafasi ya maziwa ya mama, kwa kura 118 dhidi ya moja, nayo ilikuwa ya Marekani. Kanuni hizo zinakataza kuyatangaza maziwa hayo kwa umma na kugawa sampuli za bure kwa akina mama. Zilitokana na yaliyoonekana katika nchi maskini: chupa isiyochemshwa, maji yasiyo salama, na unga unaopunguzwa kipimo ili kopo lifike mwisho wa mwezi. Hilo la mwisho sote tumeliona katika nyumba za jamaa zetu, na hatukuhitaji Geneva ituambie.

Lazima pia nikiri kwamba kuna siku ambazo bibi husema kweli. Mzazi aliyepasuliwa, aliyemwaga damu nyingi, au ambaye kipande cha kondo kimebaki ndani, maziwa yake yanaweza kuchelewa. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati anaweza kukosa nguvu za kunyonya. Mtoto anayelegea, asiyeamka kunyonya, asiyekojoa, ambaye umanjano wake unazidi au uzito wake umepungua kwa zaidi ya asilimia 10, huyo anahitaji kuonwa na daktari upesi, na kumwambia mama yake "endelea kunyonyesha tu" ni uzembe. Hata hapo, kitu cha kwanza ni kukamua dang'a kwa mkono na kumpa mtoto kwa kikombe kidogo, na maziwa mengine yaingie kwa kipimo cha mtaalamu. Wazee wetu walikuwa na njia nyingine, ya mtoto kunyonyeshwa na jirani au shangazi, na kwa sheria ya madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tunaifuata, minyonyo mitano kamili kabla ya miaka miwili huwafanya watoto hao kuwa ndugu wasioweza kuoana. Kwa hiyo jambo hilo halikufanywa ovyo. Lilitangazwa ili likumbukwe. Namjua mtu mzima wa makamo ambaye mpaka leo humwita jirani yake mama, na posa moja katika ukoo wao ilivunjwa kwa sababu hiyo.

Wale wanaojifungua wakiwa na ajira hukabiliwa na hesabu nyingine: likizo ya uzazi ni takriban miezi mitatu, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri miezi sita ya maziwa ya mama bila kitu kingine. Lakini wanawake wa pwani wengi hawana mwajiri wa kuombwa likizo. Mkulima wa mwani, zao lililoanza kulimwa kwetu kibiashara mwaka 1989 na linalobebwa zaidi na wanawake, huongozwa na bamvua. Maji yakitoka sana, lazima aende, na mtoto hubaki na bibi kwa saa kadhaa. Hapo tena tunarudi kwa mtu yuleyule na kikombe kilekile. Tofauti ni kama ndani ya kikombe mna maziwa aliyoyakamua mama kabla ya kuondoka, ambayo yakifunikwa kivulini hukaa salama kwa saa chache, au mna uji mwepesi.

Kitaifa mambo yanasonga mbele: katika uchunguzi wa afya wa Tanzania wa mwaka 2022, asilimia 64 ya watoto walio chini ya miezi sita walikuwa wakipewa maziwa ya mama pekee, kutoka asilimia 59 katika uchunguzi wa mwaka 2015 na 2016. Hayo si madogo. Lakini kila Agosti, katika wiki ya unyonyeshaji, mabango ninayoyaona huonyesha mama na mtoto wake wakiwa wawili peke yao, kana kwamba kuna mwanamke wa Kizanzibari aliyewahi kuzaa akaachwa peke yake. Ningependa kliniki imuulize mjamzito swali moja zaidi katika miezi ya mwisho: nani atakaa nawe arubaini? Kisha mtu huyo aitwe, akaribishwe kiti, aonyeshwe dang'a ni nini, tumbo la kichanga lina ukubwa gani, na kwamba mtoto huonyesha njaa kwa kugeuza kichwa na kutafuna vidole kabla hajafikia kulia. Afunzwe pia kutazama nepi, kwani kuanzia siku ya tano mtoto anayekojoa mara sita au zaidi kwa siku anashiba, na hicho ni kipimo ambacho bibi anaweza kukishika mwenyewe kuliko kutegemea umbo la ziwa. Na nesi anapopita wodini, salamu yake ya kwanza na agizo lake viende kwa bibi. Hayahitaji bajeti.

Kwa mama yangu, siku ile, sikushinda kwa hoja. Nilimwomba angoje mpaka adhuhuri. Ilipoadhiniwa nilimwomba mpaka alasiri, na kati ya sala hizo mbili yeye mwenyewe alimpakata mtoto upya, akakizungusha kiwiliwili chote kimwelekee mama yake, akasubiri kinywa kipanuke, kisha akakisogeza mpaka kikameza sehemu kubwa ya ule weusi wa ziwa, jambo ambalo mimi na mzazi tulikuwa tumelihangaikia tangu asubuhi. Alijua kulifanya, hakuna aliyekuwa amemwomba. Mpaka magharibi kijiko kilikuwa kimerudi katika leso.

Usiku wa tatu, tukiwa nyumbani, maziwa yakajaa mpaka kanga ya mzazi ikaloa. Mama alikuwa amepika pweza mchana ule. "Si niliwaambia?" akasema, na akaenda kuipasha moto supu iliyobaki. Hakuna aliyembishia. Pakti ya glukosi aliitia kwenye chai yake mwenyewe, kijiko kimoja kimoja mpaka ikaisha, kwa maelezo kwamba kuitupa ni israfu.